Waya wa Nyuzi Mbili

Mjaka fundi na mimi tunagawana ukuta mmoja wa mabati, yeye na nyaya zake upande wa huko, mimi na cherehani yangu upande wa huku, hapa Vitongoji kwenye njia ya Chake. Kupitia ukuta ule nimesikia mengi nisiyotaka kuyasikia. Siku hizi watu huniuliza: Bi Mwanapili, jirani yako ana nini, mbona kakonda vile, mbona hasemi na mtu? Nikiwaambia wakamuulize mwenyewe, hawaendi. Wanakaa na kutunga. Mmoja kasema kapagawa na shetani, mwengine kasema anataka mke. Nimechoka na uzushi wao, basi nitaeleza mimi.

Kazi ya Mjaka si kubwa. Hatengenezi simu wala televisheni. Yeye ni wa nyaya na plagi: feni iliyotafunwa waya na panya, jagi la kuchemshia maji lililoungua plagi, friji ya muuza malai ya barafu, na pasi, pasi, pasi. Kisiwani kwetu chumvi imo hewani na unyevu haukauki, kwa hivyo shaba inaota ukijani ndani ya waya kabla mwenyewe hajajua. Na sisi wenyewe tunajijua. Waya ukichubuka tunauviringishia kitambaa. Plagi ikivunjika hatununui nyengine, tunachomeka ncha za waya kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kibiriti, kisha tunasema mbona inawaka.

Njiti hizo ndizo zilizomfanya Mjaka agombane na nusu ya kijiji. Mtu akimletea feni na kumwambia kuwa nyumbani huichomeka kwa njiti, humkatalia mpaka akazilete. Kweli, humrudisha nyumbani. Akirudi nazo, Mjaka humtilia plagi, halafu humshikisha njiti zake kiganjani.

"Chukua ukawashie jiko," humwambia. "Kibiriti kimeumbiwa jiko."

Namna yake ya kufanya kazi naijua kama ninavyojua mshono wangu. Hukata waya nyuma mpaka akute shaba inayong'ara. Ndani ya plagi huupiga fundo, ili anayeuvuta avute fundo asivute nyuzi. Ule uzi wa kijani na manjano, uzi wa ardhi, huuacha mrefu kuliko wenzake. Nilimuuliza kwa nini, akanambia waya ukinyofoka, huo uwe wa mwisho kukatika, kwa sababu hizo nyengine ni za chombo, huo ni wa mtu. Umeme ukikosea njia ndani ya chombo, uzi huo ndio unaouchukua kuupeleka ardhini badala ya kukupitia wewe. Akimaliza husema bismillahi, huchomeka, na hugusa yeye kwanza kabla hajamkabidhi mwenyewe.

Ufundi aliupata Wete kwa mjomba wake. Alioa, mke akaenda Unguja kumuuguza mama yake na hakurudi, talaka ikamfuata huko huko. Watoto hawakujaaliwa. Nyumba yake ni chumba na ukumbi, na ndani hamna cha kuibiwa. Alichokuwa nacho Mjaka ni jina. Ilitosha mtu kusema pasi hii kaitia waya Mjaka, basi hata anayemchukia hakuwa na la kuongeza.

Sasa Bi Mwanawema. Alikuwa mke wa Mzee Nyange, mwenye mikarafuu ile ya bondeni, na alikuwa shoga yangu. Mwanamke wa kicheko, mwenye kuchelewa kila pahala. Hata harusi yake mwenyewe alichelewa kutoka ndani, watu wakala pilau imepoa. Nyumba yao ya matofali ilivutiwa umeme na Mjaka mwenyewe. Nguzo ya shaba ya kupelekea umeme ardhini aliichimbia chini ya mlimau, na kila kiangazi alikuwa akipita na ndoo kuumwagilia mlimau ule. Watu walidhani anapenda malimau. Alikuwa anainywesha ile nguzo, maana ardhi ikikauka sana haipokei umeme vizuri.

Mwaka huu, siku ya mwisho ya Ramadhani, kibandani kwake palijaa pasi hadi chini ya benchi. Ndivyo ilivyo kwetu. Mwaka mzima mtu anavaa nguo iliyokunjwa chini ya mto, lakini Idi lazima kanzu isimame. Waya wa pasi wa nyuzi tatu ulimwisha tangu adhuhuri. Alipeleka mtu Chake, maduka hayana, mzigo hauja. Karibu na alasiri akafika Bi Mwanawema, mwisho wa watu wote kama kawaida yake, na pasi iliyoungua waya karibu na shingo.

"Waya hakuna," Mjaka alimwambia. "Ulobaki wa feni. Nyuzi mbili, hauna ardhi. Huo sikutilii."

"Nitilie huo huo, yakhe. Nna kanzu ya Mzee, nna nguo ya Shamima, nna yangu. Tuswali Idi na makunyanzi?"

"Kaazime kwa Bi Mwanapili."

"Bi Mwanapili ana nguo za watu mpaka magharibi. Mjaka, leo tu. Mfunguo mosi mie mwenyewe ntakurejeshea hapa, unitilie unaoutaka."

Nilisikia akifungua mikebe yake mmoja mmoja, akitafuta waya. Halafu nikasikia kisu kikikwangua waya. Alimfungia ule wa feni, akapiga fundo lake ndani ya plagi, akachomeka na kugusa. Ilikuwa salama, kwa siku ile. Alimwambia asiipige kwa muda mrefu, asikanyage maji, na sikukuu ikipita tu airejeshe. Bi Mwanawema akasema inshaallah na kucheka njia nzima.

Mwezi wa mfunguo mosi, ule baada ya Ramadhani, ukapita. Mjaka alimwona msikitini Mzee Nyange, akamkumbusha mara moja, Mzee akasema atamwambia. Mimi mwenyewe nilikutana na shoga yangu dukani, hatukuzungumza pasi, tulizungumza bei ya samaki. Pasi inapiga, nani anakumbuka waya?

Mfunguo pili, asubuhi ya mvua, Bi Mwanawema alikuwa ametoka kudeki ukumbi. Miguu mitupu, sakafu bado mbichi, anapiga sare ya skuli ya bintiye. Shamima alikuwa anaoga. Alipotoka alimkuta mama yake chini na pasi ubavuni. Yule mtoto alikuwa na akili ya kuzima swichi kuu kwanza, na hiyo ndiyo iliyomnusuru. Mama hakuwa na wa kumnusuru tena.

Tulimzika baada ya adhuhuri. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha, na alama ilikuwa kwenye kiganja, ndogo, ungesema kaungua na kijiko. Watu wakasema ajali yake imefika, na ni kweli, hakuna afaye kabla ya siku yake. Lakini neno hilo kwetu tunalitumia kama kitambaa cha kuviringishia waya. Likishasemwa, hakuna anayefungua kuangalia ndani. Hakuna aliyeuliza pasi ile ilifungwa na nani. Mjaka alishuka kaburini kupokea maiti, akatoka na udongo mpaka magotini, akampa Mzee Nyange mkono wa pole, akaja kukaa kibandani kwake bila kufungua mlango wa mbele.

Hitima ilisomwa, na baada yake vitu vya marehemu vikatolewa sadaka, kama desturi. Kanga zake, viatu, masufuria mawili, na pasi. Ndiyo, pasi. Msinishangae. Mzee Nyange hakutaka kuiona ndani, na kutupa kitu kizima ni israfu, basi ikaenda pamoja na kanga kwa Bi Ummkulthum, mjane wa upande wa pwani, ili thawabu zimfikie aliyekufa. Wenye nyumba waliitazama wakaona pasi nzuri, inawaka. Ni sisi tu tunaoweza kumpa mjane sadaka ya namna ile na kumwombea dua anayeitoa.

Mjaka alipopata habari hizo alitoka mbio, na mtu mwenye umri wake kukimbia barabarani si jambo dogo. Nilifunga cherehani nikamfuata, maana nilijua anakokwenda na nilijua Bi Ummkulthum hamruhusu mwanamume peke yake uwani.

Tulimkuta Bi Ummkulthum anapepeta mchele. Mjaka akamwambia anaitaka ile pasi, atamnunulia mpya dukani.

"Sadaka ya maiti haibadilishwi," alisema Bi Ummkulthum. "Mie si mlafi wa pasi mpya."

"Basi niikague tu. Bure, Bi mkubwa."

"Imekaguliwa. Jana nlipigia baibui langu."

Mjaka alikaa chini pale pale kwenye pumba za mchele. Nilimwambia Bi Ummkulthum amletee, na kwa kuwa mimi humshonea, aliniletea. Mjaka alifungua plagi kwanza. Lilikuwemo fundo lake, zuri, limekaza, na pini kubwa ya juu iko tupu haina uzi. Kisha akafungua pasi yenyewe. Ndani, karibu na shingo, uzi wa moto ulikuwa umechunika kwa joto, na nikaona mwenyewe ulivyolalia chuma. Kuna siku unagusa, kuna siku haugusi. Jana haukugusa. Mjaka aliusogeza kwa ncha ya bisibisi, ukagusa, ukaachia.

"Hino ingekuwa na uzi wa ardhi, fyuzi ingekatika," alisema. "Mwanawema angesema pasi imeharibika, akaniletea na kelele zake."

Aliirekebisha kule kule, kwa waya wa nyuzi tatu aliokuja nao mfukoni. Kisha tukarudi.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikimpitishia Mjaka kikombe cha chai kila asubuhi, kupitia tundu la ukuta. Ilipopita Idi ya kuchinja, ya mfunguo tatu, na siku zake za kula nyama, kikombe kikaanza kurudi kimejaa. Siku ya kwanza nilidhani ana tumbo. Siku zilizofuata nikaanza kumtania kuwa kawa walii, nikamuuliza karama zake zinaanza lini nije na chupa ya maji aisomee. Hakucheka. Nikaja kusikia kuwa alimwendea shehe wa msikiti wetu akauliza, kana kwamba anamuulizia mtu, aliyeua bila ya kukusudia afanye nini. Shehe akamwambia: kuacha huru mtumwa, na watumwa hawapo, basi afunge miezi miwili mfululizo bila ya kukatiza. Hiyo ni ya Mwenyezi Mungu. Ya watu ni diya, fidia ya damu, isipokuwa wenyewe wakisamehe.

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alingoja sikukuu ipite. Kufunga siku ya Idi haifai, na ingekata mfululizo. Alikuwa amepanga kila kitu, kama kawaida yake, isipokuwa kile kimoja.

Nilikwenda upande wake.

"Umeshawambia?"

"Nnafunga, Bi Mwanapili."

"Nimekuuliza umeshawambia? Ya Mungu unalipa, na ya Nyange?"

"Nyange ananiamkia kila swala. Ananambia fundi, niombee mke wangu. Ntamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Kama ulivyokuwa ukiwambia watu njiti zao."

Alikunja waya uliokuwa mkononi akaukunjua. Akasema kuwa jina lake ndilo kila kitu alicho nacho, na nikasema kuwa jina ni la mtu, na mtu mwenyewe sasa anaoza. Tuligombana, na nilitoka nimekasirika. Nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini siri haikuwa yangu, na nilimwacha nayo.

Halafu akaja Shamima. Alikuwa amekonda, sare imekuwa pana, anataka niitie mshono wa ndani. Nilipokuwa nampima niliona nguo yake imepigwa pasi vibaya, ina madoa ya jivu.

"Unapigia nini, mwanangu?"

"Pasi ya mkaa. Ya umeme sigusi, Bi Mwanapili."

"Wala sikulaumu. Ajali ya mama..."

"Haikuwa ajali." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno. "Mama alinambia, Shamima, ukenda skuli pitia kwa fundi, mpe hino pasi, wallahi nimemuahidi. Nkasema kesho. Alinambia siku nyingi, nami kila siku kesho. Ilikuwa nzito kubeba, na wenzangu wangenicheka. Fundi alimwambia ibadilishwe. Ni mie nlomuua."

Nilizungusha futi upya kwenye kiuno kile kile. Upande wa pili wa mabati kulikuwa na sauti ya koleo, ikanyamaza.

"Baba anajua?" niliuliza.

"Nitamwambiaje?" alisema yule mtoto, neno lile lile.

Mlango wangu ulifunguka. Mjaka hakupiga hodi, yeye ambaye hupiga hodi hata kwenye kibanda chake. Alisimama baina ya nguo zilizotundikwa, midomo imekauka kwa saumu.

"Si weye, mwanangu," alimwambia. "Waya ule nliutia mie. Nlijua hautakikani. Nlijua siku ile, kabla ya kuufunga. Mama yako alikuwa hajui, weye ulikuwa hujui. Nlokuwa najua ni mie peke yangu, na kazi yangu ilikuwa kukataa. Pasi nimeifungua, nimeona. Ni waya wangu."

Shamima alimtazama. Nilidhani atalia, na ningejua la kufanya angelia.

"Umeifungua lini?" aliuliza.

"Baada ya hitima."

Akahesabu, niliona anahesabu kwa macho. Kisha akachukua mkoba wake wa skuli akatoka, na pini zangu bado zimo kwenye sare.

Kesho yake baada ya alasiri Mzee Nyange alituita kwake. Alikuwepo shehe, alikuwepo Mjaka, na mimi nilikaa mlangoni pamoja na Shamima. Mjaka alisema yote tena, hakujipunguzia hata moja. Mzee Nyange alisikiliza huku akizungusha tasbihi. Akasema mke wake alikuwa mbishi na yeye anamjua, na kwamba alikumbushwa msikitini akasahau, kwa hivyo hata yeye ana fungu lake. Diya hataki. Amesamehe duniani na akhera. Alinyoosha mkono, na Mjaka aliushika kwa mikono yake miwili akashindwa kuuachia. Walilia wote wawili, watu wazima wale, na mimi nikasema moyoni alhamdulillahi, imekwisha.

Lakini shehe ni mtu wa taratibu. Akamgeukia Shamima, akasema na huyu ni mrithi, lazima atamke mwenyewe.

"Mwanangu, nawe unamsamehe?"

Shamima alikuwa akiangalia sakafu, ile ile aliyoideki mama yake.

"Waya nimemsamehe," alisema.

"Alhamdulillahi," shehe alisema.

"Kunyamaza sikumsamehe. Waya alikosea. Lakini nlikuwa nnapita mbele ya kibanda chake kila asubuhi nikenda skuli, nami najua nimemuua mama. Alikuwa ananiona, akiinamisha kichwa. Nlidhani ananichukia kwa nilichofanya."

Hakuna aliyemkemea. Shehe alirekebisha kilemba chake, maana aliulizwa kuhusu kuua na kuua kumesamehewa. Baba yake alimwita jina lake mara moja, taratibu. Shamima alinyanyuka akaenda ndani, na tukasikia anachochea makaa ya pasi.

Tulirudi njia moja, Mjaka na mimi. Nilitaka kumwambia kuwa mtoto ana hasira za msiba, zitaisha. Sikumwambia, kwa sababu sikuamini. Nilimwona Mjaka siku zile zote akiinama Shamima anapopita, na nilidhani anatafuta skrubu.

Kibanda chake bado anakifungua. Anatia plagi, anapiga fundo, anagusa kabla hajamkabidhi mtu. Wanaomletea feni zilizokuwa zikichomekwa kwa njiti, hawambii tena kitu. Njiti anazipokea na kuzitupa kwenye mkebe, na wengine nadhani wamerudia, maana hakuna wa kuwagombeza. Shamima sasa huenda skuli kwa njia ya juu, inayozunguka msikiti.

Asubuhi iliyofuata miezi miwili kutimia nilipika chai nzito ya mdalasini na chapati za maji, nikampelekea mwenyewe badala ya kupitisha kwenye tundu. Aliitazama, akaniambia: nisamehe, leo nimefunga.

"Umemaliza, Mjaka. Tumehesabu wote."

"Ile ya waya nimemaliza," alisema, akaendelea kukwangua shaba.

Nilichukua kikombe changu nikarudi upande wangu.